Wimbo Uliokwisha Kufungwa

"Polepole! Polepole, nasema! Mnadhani mmebeba gunia la muhogo?"

Venanti katekista, mshenga wa posa ile, alikuwa akipiga kelele tangu kule barabarani lilikosimama lori la kutoka Kibondo. Nyuma yake vijana wanne walikuwa wakihema chini ya zeze la Mfaransa, lililofungiwa ndani ya kasha jeusi, refu kuliko mtu, nene kiunoni kama mama aliyekaribia kujifungua. Watoto wa Heru Juu walikuwa wameacha michezo yao yote wakalifuata.

Langoni alisimama Havyarimana, baba mdogo wa Maximilla, ambaye tangu kaka yake afariki ndiye aliyekuwa msemaji wa nyumba hiyo. Alilizunguka kasha lile mara moja, akaligonga kwa kifundo cha kidole.

"Venanti, mkwe wetu katuletea nini? Huu si mvure, mtumbwi wa kukamulia ndizi? Au kasikia kwamba pombe ya Heru Juu haitoshi, akaona aje kujitengenezea mwenyewe?"

"Baba, huu ni mvure wa kukamulia nyimbo."

"Haya. Tutaona kama zinalewesha."

Ua mzima ukacheka. Jikoni, nyuma ya mlango wa matete, Maximilla naye alicheka, akajiziba mdomo kwa kanga. Siku ya kuposwa binti haonekani, lakini nani aliwahi kumzuia binti kuona? Kupitia upenyo wa matete alimwona Batista akiinama kupita langoni, mrefu, mabega yameinama mbele kidogo kama ya mtu aliyezoea kumkumbatia mwenzake mnene. Batista akageuza uso kuelekea jikoni. Hakuweza kumwona, ila alijua yupo. Akayatabasamia matete yale, na moyo wa Maximilla ukamruka kama mbuzi aliyekatiwa kamba.

Kwenye pasi yake ya kusafiria aliitwa Baptiste Lormeau. Kasulu na Kibondo kote alikuwa Batista tu. Baba yake alikuwa fundi wa mapipa ya mvinyo katika kijiji kimoja cha mashariki ya Ufaransa. Bendi ya mji wao ilipokosa mtu wa kupiga lile zeze kubwa lenye sauti ya chini kabisa, walimtazama kijana yule alivyorefuka wakamkabidhi, kama vile mtu anavyokabidhiwa jembe kwa sababu ana mikono. Akalipenda. Likamfikisha kwenye jiji la Lyon, kwenye kundi kubwa la wapigaji, na huko wakamkalisha nyuma kabisa. Wenye mazeze madogo walikuwa maua. Yeye alikuwa udongo. Jioni alikuwa akiandika muziki wake mwenyewe, muziki ambao ndani yake udongo ndio uliosema na maua yakanyamaza. Wakubwa wake walimcheka. Nani, walimuuliza, atalipa kiingilio aje kumsikiliza tembo akiimba peke yake?

Basi akaja huku kufundisha kwaya za misheni, kwanza Kasulu, kisha Kibondo. Akakutana na Maximilla zahanati ya Kasulu, siku alipokuja na kidole kilichokatwa na waya.

"Dada, kiponye haraka," alimwambia. "Kidole hiki ndicho mdomo wangu."

"Kumbe ndiyo maana kimechanika," Maximilla alimjibu huku akifunga bendeji. "Kinasema sana."

Ilikuwa imepita misimu mitatu ya maharage tangu siku hiyo. Walikuwa wamesubiri muda wote huo kwa sababu moja: nyumba ya Mama Theodosia, mama yake Maximilla, ilikuwa bado na msiba.

Mwaka ule walipovuka mpaka kuja upande huu, mto Malagarasi ulimchukua Ndayiragije, mtoto wa kiume pekee wa Mama Theodosia. Hakuonekana. Hapakuwa na mwili wa kuoshwa wala kaburi la kupaliliwa. Kwa desturi yao, watu huketi msibani, kisha baada ya muda ndugu wote hukusanyika, hunywa, hunyoa, na msiba unafungwa. Wenyewe huita kuganduka. Kabla ya siku hiyo hakuna harusi katika nyumba ile. Baada ya siku hiyo hakuna kilio: anayelia tena anamwita marehemu arudi njiani, na safari hiyo haji peke yake.

Mama Theodosia alikuwa amekataa kuganduka kwa miaka mingi. "Nitafungaje mlango," aliuliza, "na mtoto yuko nje?" Kila alfajiri, akimenya muhogo, alimwimbia Ndayiragije wimbo uleule aliokuwa akimlalishia utotoni:

*Lala mwanangu ulale, mlango sijaufunga,*
*Uji wako uko pale, kwa ungo nimeukinga,*
*Ukichoka njia ile, keti kando ya kiunga,*
*Mbeleko ni ile ile, mgongoni naifunga.*

Hakuwa na kaburi la mwanawe. Alikuwa na wimbo huo. Na masika yaliyopita, alipoona binti yake anakondeana kwa kumngoja mtu, aliuweka chini. Aliita ndugu, akanyoa nywele, akanywa pombe ya kuganduka. Tangu siku hiyo hakuuimba tena. Alimenya muhogo kimya. Hivyo ndivyo alivyomlipia Maximilla njia ya kuolewa, na Maximilla alilijua hilo kama anavyoijua njia ya kisimani.

Posa ilikwenda vizuri mno. Venanti alisema kwamba wameona ua limechanua katika ua huu, Havyarimana akajibu kwamba hapa hapapandwi maua, hapa pamepandwa maharage, wakatupiana maneno mpaka watu wakashika mbavu. Hatimaye chungu cha pombe ya ndizi kikaletwa katikati, mirija ikatumbukizwa, na Havyarimana akamnyooshea Batista mrija wake.

"Njoo unywe nasi, mkwe. Usikohoe tu, watasema tumekulisha sumu."

Batista akanywa. Hakukohoa. Vigelegele vikapasuka. Jikoni, Maximilla aliegemea ukuta, akawaza: basi, imekwisha, mimi ni wake.

Laiti Batista angeketi! Laiti angeushika mrija wake akanywa kama watu wengine! Lakini mtu wa muziki ana ugonjwa wake: furaha haimwingii mpaka aitoe.

"Baba, naomba ruhusa," alisema. "Nina zawadi ya mama. Nimeitengeneza kwa mikono yangu. Ni yake."

Akafungua kasha. Akalisimamisha zeze lile la mti mwekundu uliong'aa, akalikumbatia, akaupaka utomvu mkavu upinde wake wenye nywele za mkia wa farasi. Mama Theodosia, aliyeketi kwenye mkeka na shemeji zake, alitabasamu kwa aibu. Alimpenda kijana huyu tangu siku aliposhika kiganja chake akakuta kina sugu kama cha mkulima.

Sauti ya kwanza ilitoka chini sana, kama inatoka ndani ya ardhi. Ya pili ikapanda. Na ya tatu ilipokuja Maximilla alihisi damu imemwacha.

Lala mwanangu ulale.

Hapakuwa na maneno, lakini nani alihitaji maneno? Zeze lile lilikuwa na sauti ya mwanamume. Mlango sijaufunga, lilisema, polepole, kwa uchungu mzuri kupita uzuri wote aliowahi kuusikia, na uani hapakuwa na aliyepumua. Maximilla alitaka kupiga kelele. Alitaka kukimbia nje akaudake ule upinde. Miguu ilikataa. Kwa upenyo wa matete alimwona mama yake anasimama taratibu, macho hayatazami mtu, mikono imekwenda nyuma mgongoni inatafuta kitu, inatafuta mbeleko.

"Ndayi?" Mama Theodosia aliita. "Ndayi, ni wewe?"

Akaanguka.

Yaliyofuata yalikuwa makelele. Wanawake walimbeba mama ndani. Shangazi mmoja alikuwa akipiga ukelele wa msiba, mwingine akimziba mdomo: nyamaza, utamwita! Batista alisimama ameshika upinde hewani, uso mweupe kama unga.

"Nimefanya nini? Venanti, nimefanya nini?"

Havyarimana alikiendea chungu, akauchomoa mrija wa Batista, akauvunja katikati. Hakupandisha sauti.

"Umefukua, bwana. Tulizika mtu bila mwili, ikatugharimu miaka, na wewe umekuja kumfukua mbele ya pombe ya harusi."

"Baba, sikujua! Niliusikia alfajiri, nilipokuwa Kasulu, nikipita hapa. Niliudhani wimbo wa mtoto."

"Ni wimbo wa mtoto. Ulimuuliza nani mtoto yuko wapi?"

Batista aliuteremsha upinde.

"Nitakwambia neno moja kwa kuwa ulikunywa vizuri," Havyarimana alisema. "Hukujua, na asiyejua husamehewa. Njoo kwa shemeji yangu, piga goti, mwambie wimbo ule umeuacha hapa na hutamsikilizisha mtu tena mpaka unakufa. Ukifanya hivyo, nitachonga mrija mwingine. Usipofanya, binti yetu usimtafute."

*

Asubuhi yake Maximilla aliteremka Kasulu kabla umande haujakauka. Batista alikuwa amelala misheni, na lori la Kibondo lingeondoka mchana. Alipita kwanza zahanati kumwomba ruhusa Mwatumu, muuguzi wa kutoka Tanga aliyekuwa mkubwa wake wa kazi na shoga yake.

"Mwenzangu, posa ivunjwe na wimbo!" Mwatumu alishika kiuno. "Kwetu posa huvunjwa na mahari, au na mke mwingine aliyefichwa Muheza. Wimbo?"

"Haijavunjika. Atapiga goti yataisha."

"Na asipopiga?"

"Atapiga. Humjui, dada Mwatumu. Yule siku moja aliniomba msamaha kwa kuwa mvua ilininyeshea."

"Mwanamume anayeomba msamaha kwa mvua," Mwatumu alisema, "mwangalie siku kosa likiwa lake. Nenda. Usinilie huko njiani, uso wako ndio dawa ya wagonjwa wangu."

Alimkuta Batista nyuma ya kanisa, amekaa juu ya kasha lake kama msafiri aliyekosa gari. Macho yalikuwa mekundu. Alipomwona alisimama, wakatazamana, na kwa muda wakawa wale wale wa zahanati, kidole na bendeji. Akamshika mikono yote miwili.

"Mama yuko vipi?"

"Amekunywa uji. Hasemi. Batista, twende. Nimekuja kukuchukua. Baba mdogo yuko nyumbani, nimemwacha ananoa kisu cha kuchongea mrija. Anajifanya anakata matete ya paa, lakini namjua. Piga goti tu. Sema ule wimbo umeuacha. Leo jioni tunakunywa."

Batista aliiachia mikono ya Maximilla.

Maximilla alisubiri. Kuna kimya anachokijua kila aliyewahi kupenda, kimya kinachokuja kabla ya neno baya, na ndani yake mtu huwa ameshasikia yote.

"Nitapiga goti," Batista alisema. "Nitapiga yote mawili. Nitamwomba msamaha mpaka achoke. Lakini hilo la kuuacha, Maximilla, siwezi kulisema."

"Kwa nini?"

"Kwa kuwa itakuwa uongo. Nimekwisha kuupeleka Lyon. Wameukubali. Wataupiga mwezi wa kumi na moja, kundi zima, na mimi mbele. Unaelewa? Mbele! Wale walionicheka watakaa nyuma yangu wanifuate."

"Waandikie usipigwe."

"Maximilla..."

"Waandikie! Posta ile pale. Nitakushikia kalamu."

Batista alitembea hatua chache, akarudi, akapitisha vidole katika nywele. "Nisikilize. Maisha yangu yote nimekuwa sauti isiyosikiwa. Nimeandika muziki mpaka macho yameniuma, na wote ulikuwa mti mkavu. Nilijua ni mkavu! Halafu alfajiri moja napita Heru Juu, namsikia mama yako. Nilisimama njiani mpaka miguu ikafa ganzi. Ni kitu pekee kizuri nilichowahi kuandika. Ukiniambia nikitupe, unaniambia nirudi kuwa udongo."

"Hukukiandika," Maximilla alisema.

"Nini?"

"Hukukiandika wewe. Ulikiokota mlangoni kwetu. Mwenyewe alikuwa jikoni anamenya muhogo, hukupiga hodi."

Lile lilimpata. Uso wake ukabadilika, na hasira ya mtu aliyeguswa jeraha ikampanda.

"Wimbo hauna mwenyewe! Mama yako alifundishwa na mama yake. Unapita tu. Ndayiragije amekufa, Maximilla. Nikiupiga, watu elfu moja watamlilia, watu ambao hawakujua kama aliwahi kuishi. Mkiufunga ninyi, amekufa kabisa. Nani kati yetu anampenda zaidi?"

Kofi likatoka lenyewe. Halikuwa kali, lakini lilisikika. Kwenye njia nyembamba mtawa mmoja aliyekuwa akipita na ndoo aligeuka, akaongeza mwendo.

"Usilitaje jina lake kwa kinywa cha biashara," Maximilla alisema, na sauti yake sasa ilikuwa tulivu, tulivu ya kutisha. "Mimi nilikuwa nimemshika mkono. Umesikia? Mtoni. Mkono huu. Ulipoteleza, mama hakuniuliza hata siku moja, binti yangu, kwa nini ulimwachia. Hata siku moja. Akanipa na ruhusa ya kuolewa, akaufungia wimbo wake kifuani kwa ajili yangu. Kwa ajili yako! Na wewe unaniuliza nani anampenda zaidi."

Batista alifunika uso kwa mikono yake mikubwa. Mabega yalikuwa yakitikisika. Alikuwa akilia, na kilio chake kilikuwa cha kweli, hilo ndilo lililomuumiza Maximilla kuliko yote. Kama angekuwa mwongo, angemchukia akaondoka mwepesi.

"Twende wote Kibondo," alisema kati ya vidole. "Twende Ufaransa. Nitakuwa mume mwema. Wallahi, kama anavyosema Mwatumu, nitakuwa mume mwema. Mama yako nitamtunza."

"Kwa fedha ya wimbo?"

"Maximilla, nakupenda."

"Najua," alisema. "Najua unanipenda. Nakuuliza neno moja, na ujibu kama mwanamume, usijibu kama mpiga zeze. Nikisimama upande huu, na wimbo ukasimama upande ule, unakuja wapi?"

Ng'ombe wa misheni walikuwa wakitolewa zizini. Batista alimtazama yeye, kisha, bila kukusudia, kama vile mama anavyotupa jicho kwa mtoto aliyelala, akalitazama kasha.

Halikuhitajika jibu lingine.

Maximilla alifunga kanga yake vizuri kiunoni. "Safari njema, Batista. Mwambie dereva asilifunge kwa kamba ya katani, litachubuka."

"Maximilla! Ngoja! Nitasema nini kwa..."

Hakugeuka. Alipita mbele ya kanisa, akapita sokoni, watu wakamsalimu "Mwakeye!" naye akaitikia wote, mmoja mmoja, kichwa juu. Alipoanza kupanda mlima wa Heru Juu ndipo alipoliachia koo lake. Alilia kwa sauti, peke yake kati ya migomba, akalia mpaka alipoona paa la kwao. Hapo akajifuta, akanawa uso kwenye kijito, akangoja pumzi itulie.

Mama Theodosia alikuwa ameketi nje ya jiko, kapu la muhogo mbele yake, kisu mkononi, hamenyi. Kando yake, kwenye gogo, ulikuwa umelazwa mrija mpya, mweupe, uliochongwa vizuri. Havyarimana hakuonekana.

"Umerudi peke yako," mama alisema.

"Nimerudi, mama."

"Ameuacha?"

Maximilla alimtazama mama yake. Nywele zilizonyolewa masika zilikuwa zimeanza kuota, na zote zilikuwa nyeupe. Aliwaza ukumbi mkubwa ugenini, watu elfu moja, na sauti ya mwanamume ikisema mlango sijaufunga, ikimwita Ndayiragije katika lugha asiyoijua, katika mji asioweza kurudi kutoka kwake. Mama akilijua hilo, hatalala tena.

"Ameuacha, mama. Amelia, ameapa. Hautasikika popote."

Mama Theodosia alifumba macho. Pumzi aliyoitoa ilikuwa ndefu, kana kwamba aliishika tangu jana. Akaokota muhogo. Akaumenya ganda moja refu. Kisha mkono ukasimama, akainua uso, na katika uso ule palikuwa na mshangao mtupu.

"Basi mbona hukuja naye?"

Kuku walikuwa wakichakura uani. Maximilla alihisi swali lile limemzunguka pande zote, kama ukuta, na yeye ndiye aliyekuwa ameujenga.

"Maximilla. Mtu ameacha kitu chake kikubwa kwa ajili yetu. Baba yako mdogo amechonga mrija. Mbona umemwacha?"

Aliketi chini karibu na mama yake, akachukua kisu cha pili, akachagua muhogo mnene kuliko yote ili apate pa kutazama.

"Nilimwangalia vizuri, mama, nikaona simpendi."

Mama Theodosia aliweka kisu chini.

"Binti wewe," alisema hatimaye, kwa ubaridi ambao hakuwahi kumwonyesha hata siku ile ya mtoni. "Una moyo mgumu. Sijui umeutoa wapi."

"Ndiyo, mama," Maximilla alisema, akaendelea kumenya.